Kipimo na Njia ya Kulizunguka Bwawa

Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kusoma maji. Ukingoni mwa bwawa letu kulikuwa na nguzo saba zilizopakwa mistari myeusi na myeupe, zenye namba za sentimita, na yeye alizizungukia kwa baiskeli kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Alitazama maji yamefika mstari gani, akaandika namba kwenye daftari, na kando yake saa aliyofika na saa aliyoondoka. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye karatasi za mshahara. Mjini aliitwa Kipimo, na hata mkewe akimtafuta aliuliza watu, "Kipimo hajapita hapa?"

Alikuwa mrefu, mkavu, suruali kaikunja mguu wa kulia tu, upande wa mnyororo. Maneno hakuwa nayo mengi, na hayo machache aliyapima kwanza. Ukimuuliza mvua itanyesha lini, alikuambia iliyopita ilikuwa milimita ngapi, akaenda zake.

Mji wetu uko mlimani, na maji ya bwawa yameingia kila bonde lililo chini yake, kiasi kwamba kwenye ramani bwawa linafanana na kiganja kilichotandazwa mezani. Barabara inayolizunguka inafuata vidole vyote, inapanda na kushuka, kilomita sitini na moja hadi kurudi ulikoanzia. Nguzo ya kwanza iko kwenye ukuta wa bwawa, karibu na mji. Ya saba iko kilomita ya arobaini, chini ya nyumba ya kaka yake.

Huyo kaka, aliyemzidi miaka sita, alikuwa seremala, na watu walimwita Randa. Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Ndugu hawa walipendana kwa namna ya watu wasiosema: kila Kipimo alipofika nguzo ya saba alipanda kunywa chai kwa kaka, wakakaa robo saa wakitazama maji, kisha mmoja akasema "haya," na mwingine akasema "haya," yakaisha.

Miaka tisa kabla ya haya ninayosimulia, mama yao, aliyekuwa akiishi na Kipimo mjini, alikwenda kukaa kwa Randa msimu wa mvua. Nyumba ya mjini ilikuwa na unyevu na kifua chake hakikuupenda. Wiki ya tatu akazidiwa. Ilikuwa Jumatano. Dereva wa basi la asubuhi, akitokea upande wa Randa kuja mjini, alimkuta Kipimo kwenye nguzo ya tatu, akafunga breki na kutoa kichwa dirishani.

"Kaka yako anasema uje. Mama hali si nzuri."

"Nakwenda huko huko," alisema Kipimo.

Na kweli alikuwa akienda huko huko. Nguzo ya nne, ya tano na ya sita zilikuwa njiani, na ya saba ilikuwa pale pale kwa kaka. Hakuona sababu ya kuziruka. Alisimama ya nne akasoma, akaandika. Akasimama ya tano. Akasimama ya sita. Alifika kwa Randa saa tano na dakika kumi. Mama yao alikuwa amefariki saa tano kamili.

Randa hakupiga kelele. Aliomba daftari, akapewa, akalisoma amesimama mlangoni.

"Nguzo ya nne, dakika nne," alisema. "Ya tano, dakika nne. Ya sita, dakika saba."

Watu waliokuwa ndani walijumlisha kimoyomoyo.

"Ya sita kulikuwa na mawimbi," alisema Kipimo.

"Hayo maji yangekimbilia wapi?" alisema Randa, akamrudishia daftari lake.

Walimzika mama yao kesho yake, kwenye mgongo wa kilima juu ya nyumba. Jeneza alilichonga Randa mwenyewe, na kwa kuwa yeye na mdogo wake walilingana urefu, walilibeba mbele, bega kwa bega, bila kutazamana. Ijumaa Kipimo alirudi kazini na darubini.

Nguzo ya sita na ya saba zinatazamana, mkono mmoja wa maji katikati, kama mita mia nne. Kuanzia siku hiyo Kipimo alifika ya sita, akaisoma, akatoa darubini, akaisoma ya saba akiwa ng'ambo, akageuza baiskeli na kurudi alikotoka. Kulizunguka bwawa lote ni kilomita sitini na moja. Kwenda hadi nguzo ya sita na kurudi ni sabini na mbili. Kwa hiyo kutompitia kaka yake kulimwongezea kilomita kumi na moja kila safari, mara tatu kwa wiki, miaka tisa. Hakulalamika. Ofisi ya bwawa haikuuliza, kwa sababu namba zilikuwa sahihi.

Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, na wakipatana shika kapu ukavune. Mji wetu ulishika jembe. Hakuna aliyejitia kati. Mke wa Kipimo peke yake ndiye aliyeendelea kwenda ng'ambo. Alikuwa fundi cherehani, na Jumamosi moja moja alipanda basi na furushi, akarudi jioni na unga wa mbao kwenye pindo la gauni. Kipimo aliuona unga huo. Alisogeza kiti ili mkewe apite.

Kisha ofisi ya bwawa ikaleta visanduku vyeupe vinavyosoma maji vyenyewe na kutuma namba kwa simu. Vilifungwa kwa siku mbili. Kipimo alistaafishwa kwa barua iliyomsifu na saa ya ukutani. Baiskeli ya kazi, nyeusi, ya chuma, isiyo na gia, aliachiwa kwa kuwa ilipotangazwa ndani ya ofisi hakuna aliyeitaka.

Mwezi wa kwanza alikaa nyumbani. Mwezi wa pili mkewe alimkuta uani ameinama juu ya pipa la maji na rula.

"Baba watoto."

"Naam."

"Pipa langu usinipimie."

"Limepungua sentimita sita tangu asubuhi."

"Nimefua," alisema mkewe, akachukua rula na kuitia kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo.

Wakati huo ndipo walipoanza kuja waendesha baiskeli. Barabara yetu ilikuwa imetiwa lami mpya, na habari zikafika jijini kwamba kuna mlima, maji na magari machache. Wakaja na baiskeli nyembamba ambazo mtu angeweza kuzinyanyua kwa kidole, wamevaa nguo za kubana hata wazee wakawa hawajui watazame wapi. Walikuwa watu wa adabu. Walichotaka ni kujua njia, na waliuliza yeyote waliyemkuta. Muuza mkaa aliwaelekeza kwa shemeji yake muuza mkaa mwingine.

Halmashauri ya mji ikaona hapa pana utalii. Afisa utalii alikuwa binti wa miaka ishirini na saba, mchapakazi, mwenye chumba kimoja pembeni ya dirisha la leseni na mashine ya kuchapa iliyotafuna karatasi ya tatu katika kila nne. Alichora njia tatu kwa kutazama picha za setilaiti. Alizipa rangi. Zilipendeza sana. Watu wanane wakaifuata ya bluu kwa jaribio, na kilomita ya kumi na mbili lami ikaingia majini na wao wakafika nayo ukingoni. Ilikuwa barabara ya zamani, ya kabla ya bwawa. Walisubiri pale dakika arobaini, wakidhani kuna kivuko.

Ndipo mtu wa leseni akamwambia binti, "Kwa nini humtafuti Kipimo?"

Alimkuta kibarazani.

"Mzee wangu, shikamoo. Nasikia unaijua barabara ya bwawa."

"Marahaba. Ipi?"

"Ziko ngapi?"

"Moja ya juu. Moja ya chini. Ya chini iko chini ya mita kumi na nane za maji. Leo labda kumi na saba na nusu."

Binti alimkabidhi ramani tatu na kazi: azipite zote, aandike kila kilomita ina nini, mwinuko, mteremko, maji ya kunywa, hatari. Mkewe alimshonea kitambaa kinene kwenye makalio ya suruali, na Jumatatu iliyofuata Kipimo alitoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kama zamani. Mkewe alimtazama akiishia konani, akarudisha rula mahali pake ukutani.

Njia fupi aliimaliza kwa siku moja, ya kati kwa mbili. Ile kubwa, ya kulizunguka bwawa lote, ilichukua wiki. Alileta karatasi ofisini zimeandikwa kwa mwandiko wa namba: wima, bila madoido. Binti alisoma kwa sauti.

"'Kilomita ya nne. Utadhani mwinuko umeanza. Haujaanza.'" Akageuza macho. "'Kilomita ya sita. Sasa umeanza.'"

"Ndiyo."

"'Kilomita ya tisa. Upande wa kushoto kuna mandhari nzuri. Usitazame. Upande wa kulia kuna shimo.'" Aliweka karatasi mezani. "Mzee wangu, tunataka kuwavutia watu."

"Shimo lipo."

"Tungeweza kusema, barabara ina changamoto."

"Upana wake ni sentimita sitini."

Binti akaendelea kusoma, kalamu nyekundu mkononi, lakini kadiri alivyosoma ndivyo kalamu ilivyoshuka. Aliposoma "Kilomita ya ishirini na mbili. Hapa watu hushuka na kusukuma. Hata mimi. Hakuna anayeona," alicheka peke yake na kuifunika kalamu. Kisha akafika kilomita ya thelathini na sita, na ukurasa uliofuata ulianza na ya arobaini na nne.

"Hapa katikati?"

"Inasemekana lami ipo."

"Inasemekana na nani?"

"Dereva wa basi."

"Hukupita?"

Kipimo alitazama mashine ya kuchapa, ambayo wakati huo ilikuwa inatafuna. "Nilirudi, nikazunguka kwa upande wa mji, nikaingia kwa nyuma hadi ya arobaini na nne."

Binti alipiga hesabu ya mzunguko huo, akaona ni zaidi ya kilomita hamsini kwa ajili ya kuziruka nane. Hakuwa mwenyeji sana, hakujua kisa. Alisema tu, kwa upole, "Mzee wangu, siwezi kuchapa 'inasemekana.' Mtu ataanguka huko."

Jioni hiyo Kipimo alikula polepole. Mkewe alikuwa akimalizia mshono.

"Wanataka kilomita ya thelathini na sita mpaka ya arobaini na nne," alisema Kipimo mwishowe.

"Si uwape."

"Ya arobaini iko kwa yule."

"Shemeji yangu hajahama." Alikata uzi kwa meno, akaikunja suruali aliyokuwa anaishona na kuisukuma mezani. "Ni yake. Nimepunguza kiuno. Kwa kuwa unapita, mpelekee."

"Sitasimama."

"Basi mtupie."

Alhamisi alitoka na suruali imefungwa nyuma kwenye kibebeo. Alifika nguzo ya sita saa nne. Kwa mazoea alitia mkono kwenye mfuko wa darubini, akaurudisha. Akapanda baiskeli, akakata kona ambayo hakuikata tangu siku ya mazishi.

Alipoiona nyumba aliongeza kasi. Randa alikuwa uani, chini ya bati la karakana, akilainisha mlango uliolazwa juu ya meza. Mbwa wa rangi ya udongo alitoka mbio akibweka, Kipimo akapita kama mtu anayefukuzwa, na alikuwa anafukuzwa kweli. Alisimama mita mia tatu mbele, nyuma ya miti. Akatoa daftari na kalamu. Hapo akagundua kwamba hakuiona barabara hata kidogo. Alichoweza kuandika ni kwamba mlango ulikuwa wa mbao nyekundu na kaka yake amepungua.

Akarudi. Safari hii aliinamisha kichwa na kuitazama lami mwanzo hadi mwisho. Mbwa alimsindikiza tena. Upande wa pili aliandika: lami nzuri, kiraka kimoja, mbwa mmoja. Kisha akakumbuka kwamba kilomita nne zilizobaki ziko mbele, si nyuma, na hakuna njia ya kuzifikia ila kupita pale mara ya tatu.

Mara ya tatu mbwa hakuinuka. Randa aliweka randa yake chini.

"Umepoteza nini?" aliuliza.

Kipimo alifunga breki. "Natazama lami."

"Lami hiyo hapo."

"Nimeiona."

"Sasa?"

Kipimo alifikiri. "Huyu mbwa anauma?"

"Anawauma wanaokimbia. Wanaopita taratibu anawatazama tu mmoja mmoja. Ndiyo maana anaitwa Karani."

Kipimo aliandika. Randa alingoja amalize.

"Unaandika kwa ajili ya nani? Si ulistaafu?"

"Nilistaafu. Hii ni ya halmashauri."

"Nilisikia walikupa saa."

"Ya ukutani."

"Inatembea?"

"Inachelewa dakika mbili kwa wiki."

Randa alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama fundi anayesikia habari za kazi mbovu ya fundi mwingine. "Shuka kwenye hiyo baiskeli," alisema. "Shingo inaniuma kukutazama."

Kipimo alishuka. Alifungua kamba ya kibebeo. "Shemeji yako amekutumia suruali," alisema, na Randa akaipokea, akaipima kiunoni juu ya ile aliyovaa, akaiweka penye mbao safi. Alileta maji ya kunywa na vikombe viwili. Wakakaa kwenye benchi lile lile la zamani, nyuso zikielekea bwawani, jambo ambalo liliwapunguzia kazi ya kutazamana.

Chini pale nguzo ya saba ilisimama na kisanduku cheupe ubavuni. Kushoto na kulia kwake ukingo wote ulikuwa umezibwa na matete marefu kuliko mtu. Mbele ya nguzo tu palikuwa peupe, uwazi wa kama mita tatu ulionyooka kuelekea ng'ambo, kwenye nguzo ya sita. Kipimo aliupima kwa macho kwa sababu hakujua namna nyingine ya kutazama kitu.

"Ofisi wanafyeka vizuri huku," alisema.

"Ofisi gani?"

Kipimo alielekeza kidole kwenye kisanduku cheupe.

"Ofisi haijawahi kuleta panga hapa," alisema Randa. "Matete yakipata mvua, kila mwezi yanapanda mita nzima. Ukisimama kule na darubini yako, kioo kinamulika mpaka jikoni kwangu. Nikaona, huyu asiposoma vizuri watamfukuza kazi. Nikawa nashuka nafyeka."

"Miaka tisa?"

"Wewe ulikuwa na nguzo saba. Mimi moja tu."

Kipimo alilifungua daftari, akalitazama, akalifunga. Karani alikuja kulala juu ya kivuli cha baiskeli.

"Na yale mawimbi," alisema Randa. "Wiki ile ile ya msiba nilikwenda nguzo ya sita. Nilitaka kujua dakika saba zilikwenda wapi. Nikakuta upepo. Namba inapanda, inashuka. Ilinichukua dakika kumi na bado sikuwa na hakika."

"Unangoja mawimbi matatu. Unachukua la katikati."

"Sikujua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa hupiti."

Hilo lilikuwa kweli, na Kipimo hakuwa mtu wa kubishana na kweli. Alikizungusha kikombe mkononi. "Ningeziruka," alisema. "Zote tatu. Kila nikifika ya nne nafikiri hivyo. Nilidhani muda upo."

"Hata mimi nilidhani upo." Randa alikuwa anaongea na maji. "Upepo ulikuwa unaingia dirishani, unamsumbua. Nikatoka kutafuta ubao wa kuziba. Nilikuwa hapa, kwenye hii meza, napima ubao. Jirani ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Kutoka hapa hadi kitandani ni hatua kumi na mbili. Nimezihesabu. Hilo sijamwambia mtu. Niliona afadhali tuzungumzie daftari lako."

Kipimo aliteremsha kikombe. Hakusema haidhuru, kwa sababu ilidhuru, wala hakusema amesamehe, kwa sababu hakujua nani ameanza. Aliuliza, "Kaburi liko sawa?"

"Lipo. Twende."

Walipanda kilima polepole, Randa mbele, akishika magoti penye mawe. Alikuwa amelizungushia uzio wa mbao uliopigwa vizuri, kila ubao sawa na mwenzake, na mlango mdogo wenye bawaba. Kipimo aliingia. Aling'oa majani mawili matatu ambayo hayakuhitaji kung'olewa. Akasimama pale kwa muda ambao hakuuandika popote, na alipotoka macho yalikuwa mekundu, na kaka yake alikuwa ameshughulika kuikagua bawaba.

"Haya," alisema Randa walipofika chini.

"Haya," alisema Kipimo.

Alimaliza kilomita nne zilizobaki, akapanda nyuma ya mlima na kuteremka mjini, mzunguko mzima kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Nyumbani mkewe alikuwa kwenye cherehani.

"Umemtupia?"

"Nimempa."

"Amesemaje?"

"Kiuno kimekaa sawa."

Mkewe aliinamia kazi yake tena, lakini mguu ulikaa juu ya kanyagio muda mrefu kabla ya mashine kuanza kulia.

Ramani zilichapwa jijini, nakala elfu mbili, na maneno ya Kipimo yaliachwa kama yalivyo. Binti alisema hakupata muda wa kuyarekebisha. Nadhani aliupata. Kwenye kilomita ya arobaini iliandikwa: "Seremala. Maji ya kunywa yapo, benchi lipo. Mbwa anaitwa Karani. Pita taratibu." Randa alipoletewa nakala alisoma mara mbili.

"Benchi lipo," alisema. "Hukusema ni la mninga."

"Hawalili, wanalikalia."

Wiki ya pili, Jumamosi saa kumi na moja jioni, simu ya Kipimo ililia. Alikuwa Randa.

"Wageni wako wako hapa."

"Sina wageni."

"Wana ramani yako. Wako saba. Wanasema wametoka asubuhi kuzunguka kidogo kabla ya chakula cha mchana. Mmoja analia. Si sana. Ni mwanamume."

Kipimo alimtafuta binti wa utalii, binti akamtafuta dereva wa gari la halmashauri, wakaondoka na pikapu. Njiani binti alifungua ramani apate kuelewa. Juu kabisa, kwa herufi nene za rangi ya chungwa, iliandikwa: Njia Kubwa ya Bwawa, Kilomita 16.

Aliitazama muda mrefu. "Mzee wangu," alisema, "wewe uliandika ngapi?"

"Sitini na moja."

"Mimi nilisoma maneno yote mara nne kabla ya kupeleka. Namba sikuzisoma. Nilijua namba ni zako."

Dereva alitazama barabara mbele kwa umakini ambao barabara haikuuhitaji.

Kwa Randa waliwakuta wageni wamekaa uani kila mmoja na bakuli mapajani. Walikuwa wafanyakazi wa ofisi moja ya jijini, wenye baiskeli za kukodi. Mmoja alikuwa amelala fofofo juu ya mlango ambao haujapakwa rangi, na Randa alikuwa akiupaka rangi mlango mwingine ili asimsumbue. Yule aliyelia alikuwa ameacha, na Karani alimlalia miguuni. Mama mmoja wa makamo, mkuu wao inaelekea, alimwendea Kipimo na ramani mkononi.

"Wewe ndiye uliyeandika haya?"

"Ndiyo."

"Kilomita ya nne, hiyo ya mwinuko haujaanza. Tulidhani ni utani."

"Sikutania."

"Tulilitambua hilo kwenye ya sita." Akakunja ramani vizuri na kuitia mfukoni. "Kilomita ya kumi na sita tulisimama tukatafuta mji. Baada ya hapo tuliendelea kwa sababu ulichoandika kilikuwa kinatokea. Shimo lilikuwepo. Pa kusukuma palikuwepo. Tukasema, basi na seremala atakuwepo." Alimwelekezea Randa kidevu. "Alikuwepo."

Wageni walipakiwa kwenye pikapu na baiskeli zao, yule wa mlangoni akiwa bado nusu usingizini na mstari wa mbao shavuni. Binti alikaa mbele ameinama. Jumatatu alimwendea mkurugenzi wake mwenyewe, kabla hajaitwa, akaeleza kosa. Akaambiwa hakuna kuchapa upya hadi mwaka ujao: ama zirekebishwe kwa mkono, ama zichomwe. Nakala zilizobaki zilikuwa elfu moja mia nane na tisini.

Zikapelekwa kwa Randa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na meza ndefu. Kipimo alikwenda kila asubuhi kwa baiskeli. Mkewe alikwenda kwa basi, na kila siku alifika kwanza. Randa aliwachongea kalamu nene za useremala. Kazi yenyewe ilikuwa kukata moja na sita na kuandika sitini na moja juu yake, na ndugu hao wakagawana: Randa akate, Kipimo aandike. Ilionekana mara moja kwamba mkubwa anakata haraka kuliko mdogo anavyoandika, maana mdogo aliandika kila namba kana kwamba itasomwa na ofisi.

"Sita yako ina tumbo kubwa," alisema Randa.

"Wewe kata."

"Nakata. Nimekuzidi mia mbili."

Walizungumza zaidi katika siku nne hizo kuliko katika miaka yote kabla ya msiba: habari za mama yao alivyowachapa wote wawili kwa kosa ambalo kila mmoja alisema ni la mwenzake, habari za goti la Randa, habari za mbao za siku hizi. Wakati mwingine waliacha na kutazama maji. Mke wa Kipimo alishona pazia la dirisha la chumba cha nyuma, na alipowasikia wamenyamaza sana alichungulia, akawaona wanaendelea, akarudi.

Binti wa utalii alikuja siku ya nne mchana kuuliza kama anaweza kuchukua zilizokamilika. Mke wa Kipimo alimtolea kiti na kumwambia angoje kidogo, ale kwanza. Zilikuwa zimebaki kama mia mbili, na wazee wote wawili walikuwa wamepunguza mwendo.